Wapinzani wetu wanaongoza ligi na tunacheza nao mechi tatu: tuwasome vipi?

Swali: "Mwalimu, namsaidia kocha wa timu ya besiboli ya vijana wa miaka 15 na 16. Wiki hii tuna mfululizo wa mechi tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, dhidi ya timu inayoongoza ligi yetu. Wao wameshinda mechi 14 na kupoteza 4. Wamepata mikimbio (yaani alama) 101 na kuruhusu 84. Sisi tumeshinda 9 na kupoteza 9. Hata hivyo, katika mechi zao nne za mwisho wamepoteza tatu, na wameshinda ile ya Jumanne tu, ambayo mrushaji wao namba moja alirusha mara 88. Ninazo karatasi za kumbukumbu za mechi hizo nne na video za mechi mbili. Vijana wetu wana hofu, hasa kwa mpigaji wao wa nne katika mpangilio wa kupiga, ambaye msimu huu amepata mapigo salama (yanayomfikisha kwenye besi) matano katika zamu nane za kupiga mbele ya mrushaji wetu bora. Wengine wananishauri tumfiche mrushaji huyo hadi Jumapili. Wengine wanasema wapinzani wameshaanza kuporomoka, tusihangaike. Nianzie wapi kuwasoma? Na je, ni halali kujaribu kusoma ishara za vidole ambazo mdakaji wao humpa mrushaji?"

Jibu: Ndugu kocha, nikikuelewa vizuri, huna uhaba wa taarifa. Unazo nyingi kuliko makocha wengi wa ngazi yako, ila kila moja inakuvuta upande wake. Msimamo wa ligi unawatisha vijana, mechi nne za mwisho zinawashawishi baadhi yenu mbweteke, na yule mpigaji wa nne ameshaingia vichwani mwa wachezaji wako kabla hajashika gongo. Nitayajibu yote, lakini nitangulize jambo ambalo majibu mengine yote yanaliegemea: timu iliyoandikwa kwenye msimamo ni jumla ya miezi, nanyi hamtacheza na miezi. Mtacheza na mrushaji mmoja ambaye mkono wake umepumzika au umechoka, wapigaji tisa waliopangwa kwa utaratibu fulani, na warushaji wa akiba wawili au watatu ambao baadhi yao walirusha juzi. Kumsoma mpinzani ni kujua watu hao ni nani na watakuwa katika hali gani siku hizo tatu.

Tuanze na hiyo 14 kwa 4. Idadi ya ushindi inachanganya ubora na bahati, kwa sababu ushindi wa mkimbio mmoja na ushindi wa mikimbio kumi huandikwa sawasawa kwenye msimamo. Mchambuzi wa Marekani, Bill James, alibuni njia rahisi ya kuona kilicho nyuma ya matokeo, nayo ikapewa jina la Pythagoras kwa sababu namba huzidishwa kwa zenyewe kama katika kanuni yake ya pembetatu. Chukua mikimbio 101 waliyopata, uizidishe kwa yenyewe upate 10,201. Fanya vivyo hivyo kwa 84 waliyoruhusu upate 7,056. Kisha gawanya ile namba ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Jibu ni 0.59, maana yake timu inayopata na kuruhusu mikimbio kwa kiwango hicho hutarajiwa kushinda takribani mechi 11 kati ya 18. Wao wameshinda 14. Ushindi tatu uliozidi umetokana, kwa sehemu kubwa, na mechi za kubanana zilizowaangukia wao. Sisemi kwamba ni bahati tupu, kwa kuwa timu yenye mrushaji hodari wa kumalizia mechi inaweza kuzishinda mechi za aina hiyo kupita wastani, na karatasi zako zitakuonyesha kama wanaye mtu kama huyo.

Kanuni hiyo nayo ina mipaka, na hakuna mfano unaoionyesha vizuri kuliko World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu ya Marekani, ya mwaka 1960. New York Yankees walipata mikimbio 55 katika mechi saba, Pittsburgh Pirates wakapata 27, na Pirates ndio waliotwaa ubingwa. Yankees walishinda mechi zao tatu kwa 16 kwa 3, 10 kwa 0 na 12 kwa 0, lakini katika zile nne walizopoteza hakuna hata moja iliyokuwa na tofauti inayozidi mikimbio mitatu. Mikimbio inayopatikana wakati mechi imeshaamuliwa huvimbisha jumla bila kusema mengi kuhusu kesho. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini 0.59 yangu, waombe waandaaji wa ligi matokeo ya mechi zote 18, uangalie kama kuna moja au mbili zilizopinda jumla hiyo. Kama siku moja walifungwa 19 kwa 2 kwa sababu nusu ya kikosi haikuwepo, basi ni wazuri kuliko hesabu yangu inavyosema, na ni heri ulijue hilo mapema.

Tuichukue namba hiyo kama ilivyo kwa sasa. Kwa kuwa ninyi mko katikati kabisa, uwezekano wao wa kuwashinda katika mechi moja ni kama 59 katika 100, na uwezekano wao wa kushinda angalau mbili kati ya tatu ni kama 63 katika 100. Wenu ni 37, yaani zaidi ya mara moja katika kila mara tatu. Hiyo si hali ya kwenda kuchinjwa. Katika besiboli pengo kati ya mkubwa na mdogo huwa jembamba: mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya Marekani tangu mwaka 1900, na hata hivyo walishinda 41 kati ya 162. Wasomee vijana wako namba hizo kabla ya mazoezi. Hofu inayotokana na msimamo wa ligi hupungua mtu anapoonyeshwa hesabu yenyewe, wala haipungui kwa kuambiwa tu kwamba asiogope.

Sasa tuje kwenye zile mechi nne za mwisho, ambamo naona ndimo ilimo hazina yako kubwa. Wanaokuambia kwamba wapinzani wameporomoka wamehesabu ushindi na kushindwa wakaishia hapo. Mechi nne ni chache mno kuthibitisha kwamba timu imebadilika, kwani hata timu inayoshinda mechi sita katika kila kumi hupoteza tatu kati ya nne mara nyingi tu ndani ya msimu. Lakini umeniambia jambo jingine kwa kupita, nalo lina uzito kuliko yote: walishinda siku ambayo mrushaji wao namba moja alirusha mara 88. Fungua karatasi za zile mechi tatu nyingine uone ni nani alirusha. Kama hakuwa yeye, na ndivyo ninavyotarajia, basi hawajaporomoka. Walicheza bila mtu wao.

Hapo ndipo kanuni za kulinda mikono ya vijana zinapoingia kwenye mpango wako. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na MLB, yaani ligi kuu ya Marekani, pamoja na USA Baseball, shirika la besiboli la nchi hiyo, unasema kijana wa miaka 15 au 16 asirushe zaidi ya mara 95 kwa siku, na kwamba akifikisha mirusho 76 apumzike siku nne. Akirusha kati ya 61 na 75 apumzike siku tatu, kati ya 46 na 60 siku mbili, kati ya 31 na 45 siku moja. Chini ya hapo anaweza kurudi kesho yake. Ligi nyingi za vijana zinafuata mwongozo huo au unaofanana nao, kwa hiyo soma kanuni za ligi yenu kabla ya jambo lolote. Ikiwa ni hizo, mrushaji wao aliyerusha mara 88 Jumanne anapaswa kupumzika Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Siku ya mapema zaidi anayoweza kupanda kilima cha kurushia mpira ni Jumapili. Timu mtakayokutana nayo Ijumaa na Jumamosi huenda ikawa, kwa upande wa urushaji, ileile iliyopoteza mara tatu.

Usiishie kwake. Chukua karatasi tupu, orodhesha kila mrushaji wao aliyeonekana katika mechi hizo nne, na mbele ya jina lake andika tarehe, idadi ya mirusho na siku anayoruhusiwa kurudi. Kama karatasi za kumbukumbu hazikuhesabu mirusho, ihesabu kwenye video, na kwa zile mechi ambazo huna video kadiria kwa idadi ya wapigaji aliokutana nao. Kazi hii inachosha, lakini ukimaliza utajua mambo ambayo huenda hata mashabiki wao hawayajui, kwa mfano kwamba Jumamosi wamebakiwa na warushaji wawili tu wenye mkono mzima, na kwamba mkivumilia zamu zenu na kumlazimisha yule wa kwanza arushe sana, kuanzia iningi (raundi ya mchezo) ya nne mtakuwa mnacheza na mtu ambaye kocha wake asingependa kumtumia.

Hiyo inanifikisha kwa mrushaji wenu bora, na hapa niwe mkweli kwako: suala la kumtumia Ijumaa au kumfichia Jumapili ni dogo kuliko watu wanavyolikuza. Tuchukue makadirio ya mfano. Tuseme mrushaji wenu wa kawaida anawapa nafasi 50 katika 100 Ijumaa na Jumamosi, na 35 Jumapili mbele ya mtu wao namba moja, na kwamba mrushaji wenu bora anaongeza 15 siku yoyote atakayopangwa. Ukimweka Ijumaa, nafasi zenu zinakuwa 65, 50 na 35. Ukimweka Jumapili, zinakuwa 50, 50 na 50. Piga hesabu ya kushinda angalau mechi mbili katika mipango yote miwili, utapata jibu lilelile, 50 katika 100. Kwa makadirio mengine tofauti itakuwepo, lakini kwa kawaida huwa finyu.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yaliyo nje ya hesabu hiyo. La kwanza ni mkono wake: amerusha lini mara ya mwisho, mara ngapi, na anajisikiaje? La pili ni uhakika wa siku yenyewe. Ijumaa iko mkononi mwako, ilhali Jumapili mvua inaweza kunyesha, au kocha wao anaweza kubadilisha mpango, ukajikuta umemfichia mtu ambaye hakuja. Kama mkono wake umepumzika, ningemwanzisha Ijumaa bila kusita. Waliokushauri umfiche hawajakosea sana, ila wanaifanya siku ya tatu kuwa na uzito kuliko ya kwanza, wakati zote tatu zinahesabiwa sawa.

Ukishajua nani anarusha lini, msome kila mmoja wao kwa vitu vichache vinavyotegemeka. Wengi hukimbilia kuhesabu mapigo salama aliyoruhusu, na hapo huteleza. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alichapisha hoja iliyowashangaza watu wengi: mpira ukishaguswa na gongo na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji ana mamlaka madogo sana juu ya kama utadakwa au utaangukia penye uwazi. Katika ligi kuu ya Marekani mipira ya namna hiyo huwa mapigo salama takribani mara 30 katika kila 100, kwa warushaji wazuri na wa kawaida vilevile, na kilichobaki ni kazi ya walinzi na bahati. Kwa vijana tofauti ni kubwa zaidi kwa sababu walinzi hawalingani uwezo, lakini fundisho linabaki palepale. Hesabu vitu ambavyo mrushaji anavimiliki mwenyewe: wapigaji wangapi amewatoa kwa straiki tatu (mirusho mizuri iliyowashinda), na wangapi amewapa besi ya bure kwa boli nne (mirusho iliyokosa eneo la kupigia). Namba hizi mbili hutulia mapema, hata katika karatasi chache. Mrushaji anayegawa besi za bure tano katika mechi moja ana udhaifu mnaoweza kuutumia Ijumaa hii. Aliyeruhusu mapigo salama tisa, ambayo sita kati yake yalipita pembeni ya mlinzi asiyejua kusogeza miguu, hajakuambia lolote.

Kwa mantiki hiyohiyo tumtazame yule mpigaji wao wa nne. Mapigo matano katika zamu nane yanaonekana kama hukumu, lakini zamu nane ni kidogo mno. Mpigaji mzuri anayepata pigo salama mara 30 katika kila 100 atafikisha matano au zaidi katika zamu nane kwa bahati tu kama mara 6 katika kila 100. Unaweza kuona hiyo ni ndogo, lakini kumbuka kwamba mrushaji wenu amekutana na wapigaji tisa wa timu hiyo. Uwezekano kwamba angalau mmoja kati ya tisa wa aina hiyo atakuwa na rekodi ya kutisha dhidi yake unapanda hadi kama 4 katika kila 10. Kwa maneno mengine, kila timu mtakayokutana nayo mara mbili tatu inaweza kuwa na "mbabe" wake dhidi ya mrushaji wenu, na mara nyingi ubabe huo umezaliwa na hesabu.

Sisemi umpuuze. Mpigaji anayewekwa nafasi ya nne huwekwa hapo kwa sababu kocha wake anamwamini. Ninachosema ni kwamba matokeo ya zamu nane hayakusaidii, bali namna zilivyokwenda ndiyo inayosaidia. Kama mrushaji wenu au mdakaji wake anakumbuka, waketi nao na kuwauliza pigo moja baada ya jingine: ulikuwa mrusho gani, ulipita wapi, hesabu ya boli na straiki ilikuwaje, na mpira ulikwenda upande gani? Ukigundua kwamba mapigo manne kati ya matano yalitokana na mpira wa kasi uliorushwa wa kwanza katikati kabisa, tatizo ni mazoea ya mrushaji wenu, na dawa yake ni kuanza na mpira wa kupinda au kuulenga ukingoni. Ukigundua kwamba mawili yalikuwa mipira dhaifu iliyodondokea nyuma ya besi ya pili, hapo huna cha kutibu.

Angalia pia mkono. Mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida huona vizuri zaidi mpira wa mrushaji wa mkono wa kulia, kwa sababu mpira wa kupinda unamjia kuelekea mwilini. Mrushaji wa mkono uleule humpa mpira unaoanzia nyuma ya bega lake na kumkimbia. Tofauti hii ni ya kweli na imethibitishwa kwa miaka mingi ya kumbukumbu, kwa hiyo itegemee kuliko rekodi yoyote ya watu wawili.

Kuhusu video, usiitazame kama mechi. Ukiitazama kama mechi utafuata mpira, na mpira hauna la kukufundisha. Itazame mara kadhaa, kila mara ukiwa na jicho kwa mtu mmoja. Mara ya kwanza mtazame mrushaji mpaka anapouachia mpira, usitazame zaidi ya hapo. Je, glavu yake inafunguka zaidi anapotafuta mshiko wa mpira wa kupinda? Je, kiwiko kinashuka, au mwendo wa mkono unapungua anaporusha ule mpira wa kudanganya kwa kasi ndogo? Vijana wengi hujisaliti namna hii bila kujua. Kisha andika mrusho wa kwanza kwa kila mpigaji. Mrushaji wa miaka 15 anayeanza na mpira wa kasi kwa wapigaji saba kati ya tisa ataanza nao kwenu pia, na hiyo peke yake inatosha kuwa mpango wa kupiga.

Baada ya hapo chukua saa ya kusimamisha. Pima muda tangu mrushaji anapoanza mwendo wake wakati kuna mkimbiaji kwenye besi mpaka mpira unapogonga glavu ya mdakaji, kisha muda tangu hapo mpaka mpira unapofika besi ya pili. Wadakaji wa ligi kuu huchukua kama sekunde 2 kwa sehemu hiyo ya pili; wa umri huu huchelewa zaidi. Jumlisha muda wa mrushaji na wa mdakaji, halafu wapime wakimbiaji wako mazoezini kutoka pale wanapoanzia kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata wakati mrushaji anarusha, hadi wanapoteleza kwenye besi ya pili. Mkimbiaji ambaye muda wake ni mdogo kuliko jumla hiyo ana ruhusa yako ya kuiba. Ambaye ni mkubwa abaki alipo, hata kama ni hodari na ana hamu. Namba hizi mbili zimeshinda mechi nyingi za vijana kuliko hotuba yoyote.

Walinzi wa nje utawasoma wenyewe uwanjani. Fika mapema siku ya Ijumaa, uketi uwatazame wakipasha misuli, uone ni yupi anarusha mpira kwa kukunja bega kana kwamba linamuuma, maana upande wake ndio wakimbiaji wenu watakaoendelea mpaka besi ya tatu. Uangalie na uwanja wenyewe, upepo unakovuma na ukuta ulio karibu. Hata ligi kuu viwanja hubadilisha mchezo: uwanja wa Coors Field mjini Denver uko takribani mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa ile nyepesi mpira unaruka mbali zaidi huku mipira ya kupinda ikipinda kidogo. Uwanja wenu hautakuwa na maajabu ya kiasi hicho, lakini jua linalomchoma machoni mlinzi wa kulia saa kumi jioni ni taarifa halali kabisa.

Umeuliza kuhusu ishara za mdakaji. Kwa desturi ya mchezo, mkimbiaji aliyesimama besi ya pili akaona ishara kwa macho yake hajavunja kanuni, na ni kazi ya wapinzani kuzificha. Kinachokatazwa ni vifaa. Houston Astros walitumia kamera mwaka 2017 kusoma ishara za wapinzani na kuwaarifu wapigaji wao kwa kugonga pipa la taka. Januari 2020 walitozwa faini ya dola milioni 5, wakanyang'anywa nafasi za kuchagua wachezaji wapya, na meneja mkuu pamoja na kocha wao wakafungiwa mwaka mzima. Tangu mwaka 2022 timu za ligi kuu zimeruhusiwa kutumia kifaa cha PitchCom kinachompelekea mrushaji ishara bila vidole. Kwa hiyo video mlizorekodi awali mnaweza kuzitazama nyumbani, ila mtu asikae nyuma ya uzio na simu siku ya mechi akiwapelekea ujumbe wapigaji. Soma kanuni za ligi yenu, kwani baadhi ya ligi za vijana zinakataza hata kupeana ishara kutoka besi ya pili. Mimi mwenyewe, kwa vijana wa umri huu, ningeliacha jambo hilo kando hata pale linaporuhusiwa. Mpigaji anayesubiri kuambiwa nini kinakuja hajifunzi kuusoma mpira mwenyewe, na ishara ikikosewa mara moja anaweza kuegemea mbele ya mpira unaomjia mwilini.

Ukishakusanya yote haya utashawishika kuwapa vijana yote. Usifanye hivyo. Kilima cha mrushaji kiko mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani, na mpira wa kilomita 120 kwa saa humfikia mpigaji katika karibu nusu sekunde. Katika muda huo hakuna nafasi ya kukumbuka ukurasa. Mpigaji anaweza kubeba wazo moja tu, na lazima awe ameliamua kabla hajaingia kwenye sanduku la kupigia. Mpe kila mpigaji sentensi moja kuhusu kila mrushaji, kwa mfano, "Anaanza na mpira wa kasi, kaa tayari kwa wa kwanza," au "Hana udhibiti, usizungushe gongo mpaka akupe straiki." Mrushaji wenu na mdakaji wake ndio pekee wanaohitaji zaidi ya hapo, nao waketi nawe Alhamisi wapitie wapigaji wote tisa kwa utulivu, mdakaji akiwa ndiye mwenye kushika kalamu.

Yapo mambo mawili ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kama wewe na kocha mkuu hamjawahi kuitathmini timu kwa njia hii, mtafuteni mtu mwenye uzoefu wa kurusha au kudaka, akae nanyi jioni moja mbele ya video hizo. Mwendo wa mkono unaojisaliti huonekana kwa jicho lililozoea, na maelezo yangu hayawezi kuchukua nafasi ya mtu anayenyoosha kidole kwenye skrini na kusema, "Pale, rudisha." Akiweza kuja Ijumaa akakaa nyuma ya besi ya nyumbani, itakuwa bora zaidi, kwa sababu kutoka pembeni huwezi kuona mpira unapinda kiasi gani.

La pili linahusu mrushaji wenu bora. Kabla ya kumpangia Ijumaa, muulize faraghani, mbali na wenzake, kama kiwiko au bega linamuuma, kwa kuwa kijana aliyeambiwa kwamba timu nzima inamtegemea hatakiri mbele yao. Akisema kuna maumivu wakati wa kurusha, au yanayobaki hadi kesho yake, au ukiona kasi yake imeshuka bila sababu, mwondoe kwenye mpango wote wa siku tatu na umpeleke kwa daktari au mtaalamu wa viungo amkague kwa mikono. Kisha rudi kwenye karatasi yako na upange upya Ijumaa na wale mlio nao.